Mchezo Usio na Wageni

Tunduma,
11 Februari 2024

Wifi yangu Gwantwa,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi la malori. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yangu unayo. Nyumbani kwangu simu ni moja, na anayeijua ni Angel kuliko mimi mama yake. Kila ujumbe unaoingia anauona kwanza yeye, halafu ananisomea kama karani wa mahakama. Ninalotaka kukuambia hapaswi kulisoma, ndiyo maana nimempa Anyitike, yule dereva wa viazi, akuletee akipanda huko kwenu Ibaba.

Unajua maisha yangu. Saa kumi na mbili asubuhi niko bandani natandaza vitenge, wateja wa ng'ambo, Wazambia, wananiita "ba mayo", yaani mama, mpaka koo linakauka kwa kujibu. Angel anatoka shule saa tisa na nusu, anajifungia ndani mpaka nirudi. Simu namwachia yeye, nami nikitaka kumjulia hali naazima ya jirani. Huko ndani anacheza michezo ya mtandaoni, ile ya kujenga majeshi na kupanga vita.

Jumanne alinijia akiwa amevaa sare ya shule na ilikuwa jioni. Akasema, "Mama, nipige picha." Nikamuuliza picha ya nini. Akasema kwenye kundi lake la mchezo yuko mtu anaitwa Kamanda, amemwambia akimtumia picha akiwa na sare atampa sarafu mia tano za kununulia askari.

Wifi, nilikaa chini. Yeye alikuwa anacheka tu, anaona ni bahati.

Niliufuta mchezo papo hapo. Alilia siku mbili, na hakumlilia huyo Kamanda. Alililia jeshi lake, miezi minne alikuwa analijenga. Huyu mtoto anapenda kufikiri. Tangu mdogo wake Anna afariki hana wa kucheza naye, na kumnyang'anya kila kitu siwezi.

Wewe ni mwalimu wa hesabu na kompyuta. Nichagulie michezo ya bure ya kutumia akili, inayomfaa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mimi nikiitazama yote naona rangi tu.

Wifi yako,
Fausta


Ibaba,
25 Februari 2024

Wifi Fausta,

Kwanza, usimgombeze kwa hilo la picha. Mtoto anayekuja kukuomba umpige picha ni mtoto ambaye bado anakuambia mambo. Siku atakapoanza kujipiga mwenyewe ndipo uogope.

Nimekaa na michezo tisa kwa karibu wiki mbili. Jioni napanda kilimani nyuma ya maabara ambako mtandao unashika vizuri, nimejitanda blanketi kwa baridi, mwalimu mtu mzima napigana na mazimwi. Wanafunzi wangu wanne wa kidato cha kwanza nao wamecheza huku nikiwatazama nyuso. Mmoja alikasirika mpaka akataka kuitupa simu yangu, huo mchezo nikauondoa siku hiyohiyo.

Nimejifunza kwamba "bure" ni neno la mlangoni. Michezo minne kati ya ile tisa inakuingiza bure, ukishaupenda mji wako ndipo inakuambia ukuta utakamilika baada ya saa thelathini, au ulipe ukamilike sasa. Mtoto hana saa thelathini za subira. Miwili inaishi kwa matangazo, na tangazo la tatu nililoonyeshwa lilikuwa la kubeti. Mmoja ulitaka kutumia kamera na kujua nilipo. Nikajiuliza, mchezo wa ngome unataka kujua nilipo ili iweje?

Wa nane ni mzuri sana kwa akili, ila una kundi la kuandikiana na watu usiowajua, kama ule wa Kamanda. Nao nikautupa.

Umebaki mmoja. Ni wa vijiji viwili. Wanacheza watu wawili tu, kila mmoja ana kijiji chake, visima, maghala na vipande vya uzio. Ukicheza zamu yako unamsubiri mwenzako, hata siku nzima, kwa hiyo bando haliishi na macho hayaumii. Unashinda kwa kupanga, hakuna kuua. Hakuna pa kuandika neno hata moja, kuna sura sita tu za kucheka, kulia na kadhalika. Na hakuna mgeni anayeweza kuingia, kwa sababu unafunguliwa kwa nenosiri.

Nimejiandikisha humo kwa jina la Shangazi. Nenosiri nimelifunga kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii, mpe Angel. Nitacheza naye mimi mwenyewe. Na wewe keti naye jioni moja akufundishe, hata kama utashindwa. Wanapenda kutufundisha.

Wifi yako,
Gwantwa


Tunduma,
17 Machi 2024

Wifi Gwantwa,

Mungu akubariki. Nimerudishiwa mtoto wangu. Jana nimemkuta amechora vijiji kwenye daftari la mazoezi anapanga atakavyokuzingira. Anasema, "Shangazi anazungushia uzio kila kitu, hata kisima kikavu. Ni mwoga." Nimecheka peke yangu bandani.

Sasa nina jambo la pili, nalo ndilo linaninyima usingizi. Nimesikia kifungo cha kaka yako Gwakisa kilikwisha Novemba. Hujaniambia na sikulaumu, ni damu yako. Lakini nisikilize. Anna alikuwa na miaka mitano. Gwakisa alimpakia mbele kwenye kenta huku amelewa, nikiwa nimemshika shati namwambia muache mtoto. Kenta ikaenda korongoni, yeye akatoka na mkwaruzo.

Nilihamia Tunduma ili nisiwe mke wa mtu yule. Hapa hakuna anayemjua. Angel nimemwambia baba yake alikwenda Kongo na malori na kwamba hatutaki. Ibaki hivyo. Gwakisa akikuuliza tuko wapi, hujui. Niapie.

Fausta


Nakonde,
3 Aprili 2024

Dada,

Nikikupigia unanikatia, kwa hiyo naandika. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, nakujua.

Sikuja Pasaka kukuomba kitu. Nilikuja kuona nyumbani. Lakini uliacha simu mezani ukaenda kuchuma mboga, mtandao wenu wa kubahatisha ukashika, ikalia. Nikatazama. Kijiji chekundu, juu yake jina Angel, na chini imeandikwa, "Zamu yako, Shangazi." Sikugusa. Niliposikia miguu yako nilikwenda kusimama dirishani.

Dada, niko huku Nakonde, upande wa Zambia, naziba pancha. Nilipo naona mabati ya soko la Tunduma. Fausta yuko Tunduma, hilo nililijua kwa watu wa vitenge kabla hata sijafika kwako, usijilaumu. Sijavuka. Miezi hii yote sijavuka hata kununua chumvi, hata kuja kwako Pasaka nilizunguka kwa mpaka mwingine, kwa sababu nikivuka nitakwenda, na nikienda sina la kusema.

Ninachokuomba ni zamu zako. Basi. Hakuna pa kuandika, nimeona. Hatajua ni mimi. Nitakuwa wewe. Nataka tu kujua asubuhi kwamba amecheza, yaani ameamka vizuri, amekula, ana nguvu ya kunishinda.

Sinywi. Kutokunywa gerezani si sifa, lakini huu ni mwezi wa tano tangu nitoke, na Nakonde kila mlango una pombe. Sinywi.

Gwakisa


Ibaba,
14 Aprili 2024

Gwakisa,

Nimeisoma mara tatu nikaichana, halafu nikaokota vipande.

Shule imenipa madarasa mawili ya mtihani. Nimechelewesha zamu siku nne mfululizo na mtoto ananitumia sura ya kulia. Hiyo ndiyo sababu ninayojiambia. Ya kweli ni kwamba ulisimama dirishani kwangu umenipa mgongo na mabega yako yalikuwa ya baba siku alipozeeka.

Nenosiri limo ndani. Utakuwa Shangazi. Hutamwambia wewe ni nani, hutavuka mpaka, hutamtafuta Fausta. Siku utakayokunywa, uache kucheza.

Fausta aliniomba kiapo nami sikumjibu barua. Nimemdanganya kwa kunyamaza. Usinifanye nijute.

Dada yako,
Gwantwa


Tunduma,
9 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, sijui wewe. Tumefunga shule na nimekuwa wa nne darasani. Barua hii nimempa Anyitike mwenyewe wakati anashusha viazi, mama hajui.

Shangazi naomba nikuulize kitu na usikasirike. Je, ni wewe unayecheza?

Mwanzo ulikuwa unazungushia uzio kila kitu. Nikakuzoea. Halafu baada ya Pasaka umebadilika. Sasa unaacha ghala moja nje ya uzio upande wa kushoto, kila mchezo, nami nikikimbilia kulichukua unanifungia nyuma. Nimefungwa hivyo mara sita. Mara ya saba nikakaa nikafikiri ni nani ananifanyiaga hivi.

Baba alikuwa ananifundisha drafti nikiwa darasa la pili. Alikuwa anaacha kete moja ya kushoto kama ameisahau. Nikiila anasema, "Shiba kwanza, utalia baadaye."

Tena kila siku nacheza saa moja asubuhi kabla ya kunywa chai, na zamu yangu inajibiwa papo hapo. Nawe ulimwandikia mama kwamba huko mtandao haushiki vizuri mpaka upande kilimani.

Baba yuko Kongo na hatutaki, mama alisema. Kama hatutaki asingecheza. Niambie tu ukweli, sitamwambia mtu.

Mwanao,
Angel


Ibaba,
16 Juni 2024

Angel mpenzi,

Marahaba. Hongera kwa kuwa wa nne.

Ni mimi. Mtu akicheza muda mrefu hubadilisha mbinu, nimechoka kuitwa mwoga. Na siku hizi shuleni mtandao umeboreshwa. Baba yako na mimi tulifundishwa drafti na mtu mmoja, babu yako, ndiyo maana tunafanana.

Usifikirie sana mambo ya wakubwa. Msaidie mama.

Shangazi


Nakonde,
8 Julai 2024

Dada,

Nimevunja sharti moja. Nakuambia kabla hujaambiwa na mwingine. Nimekupigia tangu jana hupatikani, kwa hiyo nampa Anyitike barua hii.

Alhamisi Angel hakucheza kama kawaida. Alichukua vipande vyake vyote vya uzio akaanza kuvipanga katikati ya uwanja, mahali pasipo na kisima wala ghala. Nikadhani ni mtego. Siku ya pili akaendelea, na nilipoigeuza simu nikaona ni herufi. BABA.

Nilikaa na tairi la mtu mapajani mpaka mwenyewe akaja kugomba. Ningeweza kutuma sura ya kucheka, mambo yakaisha. Ningeweza kuzibomoa zile nyuzio, mchezo unaruhusu. Mikono yangu ikaandika NDIYO. Jumamosi yote nilitumia kuandika neno hilo moja, vipande vinakwisha unasubiri zamu.

Jana akaandika WAPI.

Nikaandika NAKONDE. Sikuandika njoo, Dada. Nakuapia kwa kaburi la Anna sikuandika njoo. Nilitaka tu ajue siko Kongo.

Sasa naogopa. Ni mtoto mwenye akili na kutoka kwao hadi hapa ni mwendo wa kumenya viazi. Nenda ukamwambie Fausta. Mimi nikienda hatanisikiliza, wewe atakusikiliza hata akikutukana. Mwambie nitaondoka Nakonde akitaka. Mwambie kabla ya Jumamosi, siku ambayo mtoto hayuko shule.

Gwakisa


Tunduma,
24 Julai 2024

Gwantwa,

Ulikuja kuchukua mwili wa kaka yako ukapita mbele ya banda langu hukuingia. Mazishi mmefanya, sikuja na Angel sikumleta. Lakini nataka usikie kwangu jinsi ilivyokuwa, kwa sababu najua mnasema nimemuua.

Jumamosi ile ya tarehe kumi na tatu nilirudi nyumbani mchana kuchukua marobota mawili. Angel hayupo. Simu iko kitandani na mchezo wako umefunguka. Katikati ya uwanja, kwa nyuzio, nikasoma BABA. Chini yake NDIYO. Chini yake WAPI. Chini yake NAKONDE.

Wewe ungefikiri nini? Ulinihakikishia mchezo huo hauingii mgeni. Ulisema mnacheza wewe na yeye, na wewe huishi Nakonde. Mimi nilimfikiria Kamanda. Nilijua amepata njia, amejua mtoto hana baba, amejifanya baba. Gwakisa hakunijia akilini hata kidogo.

Nilitoka nikipiga yowe. Niliwaambia watu wa sokoni mtoto wangu ameibwa na mtu wa kwenye simu, amevushwa. Wanawake wa vitenge walifunga mabanda. Vijana wa mikokoteni walitawanyika kwenye njia zote za kuvukia. Mama gani angenyamaza?

Saa tisa nikasikia kelele nyuma ya maduka ya saruji. "Mtoto huyu hapa! Na mwizi wake!" Nilikimbia. Nilipofika alikuwa tayari yuko chini na uso wote ni damu. Sikumtambua. Mtu yeyote asingemtambua. Polisi wakaja wakampeleka hospitali, na nikajua ni yeye pale waliposoma kitambulisho. Siku nne baadaye akafa.

Ndivyo ilivyokuwa. Nani alimpa nenosiri, Gwantwa? Uliponyamaza na barua yangu ya kiapo nikadhani umekubali. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango, mimi nilikuwa namtafuta mtoto wangu.

Angel hali chakula changu. Anajipikia uji.

Fausta


Tunduma,
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilikukasirikia kwa sababu ulinidanganya, lakini sina mwingine wa kumwandikia.

Nataka kukuambia siku ile maana mama anawaambia watu habari nyingine.

Nilivuka asubuhi na akina mama wa nyanya. Huko nikaulizia jina la Gwakisa, nikaelekezwa kwa mafundi wa pancha. Wa tatu ndiye alikuwa baba. Alikuwa ameshika tairi, aliponiona akaliachia likabingirika hadi barabarani na dereva akamtukana. Hakunikumbatia, alisema mikono ina grisi. Akanawa kwa sabuni ya unga, akarudia tena. Akaninunulia soda na chapati, yeye hakula, alinitazama tu.

Nikamuuliza kwa nini hututaki. Akasema, "Nani kakwambia?" Halafu akainama akasema, "Basi. Usimuulize mama hilo leo." Akaniambia yeye ndiye alikuwa anaendesha siku Anna alipokufa na alikuwa amelewa, na kwamba mama ana haki ya kumchukia. Nikamwambia nilijua. Nilikuwa na miaka minane, sikuwa kipofu.

Nilitaka kukaa mpaka jioni. Ni yeye aliyesema turudi, mama atakuwa ananitafuta. Nikamwambia niache mpakani nitapita mwenyewe. Akasema, "Hapana, nimechoka kujificha. Nitakukabidhi mkononi mwake."

Tulipofika nyuma ya maduka ya saruji wakatuzunguka. Walikuwa wengi. Mmoja akampiga kofi. Nikapiga kelele, "Ni baba yangu!" Nilirudia mpaka sauti ikakatika. Wakaanza kusitasita. Mzee mmoja wa koti la kijani akatanua mikono akawazuia, akasema, "Subirini mama yake." Mama akafika. Baba alikuwa amesimama, Shangazi. Hakuwa na damu. Kofia tu ilikuwa imeanguka.

Yule mzee akauliza, "Mama, unamjua huyu?"

Mama alimtazama baba, na baba akamtazama. Baba alivua saa mkononi akanipa mimi nishike, sijui kwa nini.

Mama akasema, "Simjui."

Nilisikia vizuri. Nilikuwa nimeshika shati la baba.

Mama anasema ananipenda. Mimi sijui nifanye nini na lile neno "Simjui", nalisikia hata darasani.

Angel


Ibaba,
18 Agosti 2024

Fausta,

Nianze na langu. Mimi ndiye niliyempa Gwakisa nenosiri. Angel aliponiuliza kwa barua nilimwandikia uongo mchana kweupe, kwa mwandiko mzuri. Na barua ya Gwakisa ya kuniomba nije nikuambie kabla ya Jumamosi ilinifikia Jumapili, kwa sababu lori la Anyitike lilikwama Itumba, ekseli imevunjika. Lakini wiki nzima kabla ya hapo ningeweza kuja, miezi mitatu ningeweza kuja. Nilichagua mchezo kwa makini kuliko nilivyochagua maneno yangu kwako. Hilo nitakufa nalo.

Sasa lako. Uliniandikia kwamba ulipofika alikuwa chini, uso ni damu, hukumtambua. Nimeambiwa vingine. Usimpige mtu, usimuulize mtu. Walikuwapo watu zaidi ya hamsini, Fausta.

Sijaandika kukuhukumu. Mama yetu anauliza kila asubuhi mwanawe alisema nini mwisho, nami sina la kumjibu. Niandikie ilivyokuwa, kwa mkono wako. Ukishindwa, usiniandikie tena.

Gwantwa


Tunduma,
1 Septemba 2024

Wifi Gwantwa,

Alikuwa amesimama.

Nilimtambua tangu mbali, kwa vile anavyosimama ameinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa amemshika Angel mkono. Nilimwona mzima, amenenepa kidogo, amevaa shati safi. Na mkono wake ulikuwa umemshika mtoto kama alivyomshika Anna siku ile akimpandisha kwenye kenta. Angel alikuwa anapiga kelele, "Ni baba yangu," na kila mtu alikuwa ananitazama mimi.

Mzee aliponiuliza, wifi, sikubabaika. Watu wanaponionea huruma sokoni wanasema nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Miaka minne nilikuwa nasubiri mtu aniulize kuhusu Gwakisa nipate kumfanya chochote. Nilitaka apigwe. Nilisema moyoni, apigwe kidogo, alie, ajue. Nikasema, "Simjui." Mzee yule akashusha mikono.

Baada ya tofali la kwanza nilipiga kelele waache. Nilisema, "Ni mume wangu, ni mume wangu." Hakuna aliyenisikia tena. Nilimlalia miguuni, wakanivuta pembeni wakidhani nimezimia kwa uchungu wa mtoto.

Mwambie mama alisema hivi: akiwa chini, kabla hajanyamaza, alisema, "Mtoeni Angel hapa." Hakusema kingine. Hospitali hakuamka.

Uongo niliokuandikia Julai niliuandika pia polisi. Nilisema nilimkuta chini na sikumwona aliyepiga. Wote sokoni tumesema hivyohivyo. Yule wa saruji, yule dada anayenibadilishia kwacha, vijana wawili wa mikokoteni wanaonibebea marobota kila asubuhi na kunisalimia kwa adabu. Tunasalimiana. Nimewauzia wake zao vitenge.

Leo baada ya ibada nilimkalisha Angel nikamwambia kesho nakwenda kituoni kufuta maelezo yangu na kuandika mengine. Nitawataja niliowaona. Na nitajitaja mimi. Aliniuliza, "Utasema na lile neno?" Nikamwambia nitasema. Akasema, "Na mimi nitaandika yangu. Usiniandikie." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu Julai.

Baadaye akaja na bakuli la uji wake akaliweka mbele yangu. Nilikunywa. Haukuwa na sukari, na sikuthubutu kuomba.

Sijui watanirudisha au wataniweka ndani. Banda najua halitadumu, labda wiki. Sikuombi unisamehe, nakuomba uje. Kesho tunaondoka hapa saa mbili asubuhi, Angel atatoa maelezo yake nikiwapo, halafu Mama Marita wa nyumba ya pili atamrudisha shule. Panda gari la Jumanne. Kama hunikuti, ufunguo uko kwa Mama Marita, nguo za mtoto nimeshazikunja, na shule wanatoka saa tisa na nusu. Uwepo getini, asisubiri.

Fausta